Ritifaa ya Kiingereza Ina Kazi Mbili Tu: Ushauri kwa Waandikaji wa Kitengela na Kajiado

Ukitoka Athi River ukaifuata barabara ya Namanga kupitia Kitengela hadi Isinya na mjini Kajiado, utakuta kila ukuta una la kuuza. Ploti, nyumba za kupangisha, saruji, dawa za mifugo, nyama choma, nguo za watoto, masomo ya kompyuta. Matangazo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na mengi yana alama moja ndogo iliyowekwa kwa kubahatisha: “Plot's for sale”, “Ladie's salon”, “Childrens wear”. Alama hiyo ni ritifaa. Hubahatishwa pia katika kumbukumbu za mikutano ya chama, katika barua za kuomba kazi, na katika mikataba ya kuuziana ardhi.

Sikuandika haya ili kumwaibisha mtu. Watoto wengi wa kaunti hii husema Kimaasai nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha hukutana na Kiingereza darasani. Anayeandika kwa lugha yake ya tatu anastahili maelezo yaliyo wazi. Na anayahitaji kweli, kwa sababu bango hulipiwa na hukaa ukutani miaka. Barua ya kazi nayo hufika mezani kwa mtu asiyekujua, asiye na kingine cha kukupimia ila karatasi uliyompelekea.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika Kiingereza, ritifaa hujibu swali moja kati ya mawili: mwenye kitu ni nani, au ni herufi gani zimeangushwa hapa? Isipojibu hata moja, ifute. Mengine yote nitakayoeleza ni matawi ya kanuni hii.

Kinachotukanganya ni kwamba Kiswahili kimetuzoesha ritifaa yenye kazi nyingine. Katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, alama hiyo ni sehemu ya sauti, na ukiitoa umelivuruga neno. Washairi nao huitumia wanapobana maneno, wakaandika n'takuja badala ya nitakuja. Matumizi haya ya washairi ndiyo yaliyo karibu na Kiingereza.

Mtafute mwenyewe kwanza

Tuanze na umiliki, maana hapo ndipo makosa ya gharama hutokea. Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha mwenyewe: ofisi ya chifu. Kiingereza humtanguliza mwenyewe: “the chief's office”. Basi kabla ya kuandika, sema maneno yako kwa Kiswahili. Ukisikia ya, wa, la, cha au vya kati ya majina mawili, chukua jina linalofuata. Huyo ndiye mwenyewe. Mwandike kwa Kiingereza mpaka mwisho, na kama ni wengi, andika wingi wao kamili. Akishamalizika, weka ritifaa papo hapo. Kisha ongeza s, isipokuwa kama wingi huo tayari umeishia na s.

Ofisi ya chifu: mwenyewe ni “chief”, kwa hiyo “chief's office”. Mkutano wa machifu: wenyewe ni “chiefs”, kwa hiyo “chiefs' meeting”. Kuhama kwa alama kutoka kabla ya s hadi baada yake kumegeuza mtu mmoja kuwa wengi. Sheria za Kenya zenyewe huzingatia jambo hili. Sura ya 128 huitwa kwa Kiingereza “Chiefs' Act” kwa kuwa inawahusu machifu wote, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia mahakama za mahakimu huitwa “Magistrates' Courts Act”.

Makanisani pia utauona mfano huu. Umoja wa akina mama wa Kianglikana huandikwa “Mothers' Union”, yaani mama wengi. Kundi la akina mama wa PCEA huandikwa “Woman's Guild”, kwa umoja. Yote mawili ni sahihi, kila moja kwa jina lake. Shule zinazotayarisha sherehe zikumbuke kwamba tarehe 5 Oktoba ni “World Teachers' Day”, siku ya walimu wote, ilhali siku ya mama huandikwa “Mother's Day”. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeipigania siku hiyo hadi ikatangazwa rasmi nchini mwake mwaka 1914, alisisitiza neno libaki katika umoja ili kila familia imheshimu mama yake.

Ukishaandika, jipime kwa kidole. Funika ritifaa na kila kilichofuata hadi mwisho wa neno hilo, kisha usome kilichobaki. Lazima kiwe neno halisi, tena limtaje mwenyewe unayemkusudia. Jaribu “ladie's salon”. Ukifunika, inabaki “ladie”, na neno hilo halipo. Mabibi wengi ni “ladies”, kwa hiyo saluni yao ni “ladies' salon”. Jaribu “childrens' wear”. Inabaki “childrens”, nalo halipo, kwa sababu “children” tayari ni wingi. Sahihi ni “children's wear”. Vivyo hivyo “men's wear”, “women's group” na “people's choice”. Ukiandika “kid's wear”, inabaki “kid”, mtoto mmoja, na duka lako halimuuzii mmoja tu. Andika “kids' wear”.

Kipimo hiki kinafaa hata kwa vipindi vya muda, jambo wanalolihitaji wenye nyumba na waombaji kazi. Notisi ya mwezi mmoja ni “one month's notice”. Amana ya kodi ya miezi miwili ni “two months' deposit”. Anayeomba kazi kwenye viwanda vya EPZ pale Athi River akitaka kutaja uzoefu wa miaka mitano ataandika “five years' experience”. Katika kumbukumbu za chama, ripoti ya mweka hazina ni “treasurer's report”, na michango ya wanachama ni “members' contributions”.

Hata hivyo, si kila “ya” huleta ritifaa. Tunaposema soko la ng'ombe au basi la shule, tunataja aina ya soko na aina ya basi. Kiingereza huyaweka majina hayo sambamba bila alama: “cattle market”, “school bus”. Jiulize: je, ni ya nani, au ni ya aina gani? Watu na vipindi vya muda kwa kawaida huchukua ritifaa. Vitu vinavyotaja aina kwa kawaida havichukui.

Mkataba wa ardhi usomwe kwa makini

Kajiado ni kaunti ya kuuziana ardhi, na mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Hapo ritifaa husema mambo yanayomgusa mtu mfukoni na nyumbani. “The vendor's advocate” ni wakili wa muuzaji mmoja. “The vendors' advocate” ni wakili mmoja wa wauzaji wengi. Ikiwa shamba ni la ndugu watatu walilorithi kwa baba yao, na karatasi inasema “the vendor's signature” kila mahali, una haki ya kuuliza: muuzaji ni yupi kati ya hawa, na wengine watatia sahihi wapi?

Ridhaa ya mwenzi ni mfano mzito zaidi. Sheria za ardhi za mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 zinalinda mali ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inatambua ndoa za wake wengi, na hizo ziko katika kaunti hii. Katika familia kama hiyo, “spouse's consent” inasomeka kuwa ridhaa ya mwenzi mmoja. “Spouses' consent” inasomeka kuwa ya wote. Simaanishi kwamba alama hii peke yake itaamua kesi. Mkataba huwa na ufafanuzi wake, na wakili ndiye wa kukushauri. Nasema ukiiona mahali usipoitarajia, uliza kabla ya kutia sahihi. Swali ni rahisi kabla ya fedha kutoka.

Kuna pia mali ya watu wawili. “Amina and Juma's plot” ni ploti moja ya wote wawili, na alama huwekwa kwa jina la mwisho pekee. “Amina's and Juma's plots” ni ploti tofauti, kila mtu na yake. Wanaoandika orodha za mali za familia wazingatie tofauti hii.

Wingi mtupu hauna ritifaa

Sasa turudi ukutani. “Plot's for sale” ina kasoro gani? Iulize yale maswali mawili. Je, kuna mwenyewe? Hakuna, kwani ploti haimiliki chochote hapo. Je, kuna herufi zilizoangushwa? Hakuna. Basi futa: “Plots for sale”. Vivyo hivyo “shoes”, “chips”, “tomatoes”, “photos” na “bedsitters to let”. Ni vitu vingi tu, na wingi katika Kiingereza hujitosheleza kwa s.

Vifupisho hufuata mkondo huo. Wabunge ni “MPs” na wawakilishi wa wadi ni “MCAs”. “The MCAs met in Kajiado” maana yake wawakilishi walikutana. “The MCA's office” maana yake ofisi ya mwakilishi mmoja. Miaka ya tisini ni “the 1990s”. Majina ya ukoo pia yamo. Familia nzima ya akina Kamau ni “the Kamaus”, na kadi yao ya Krismasi itasema “Season's greetings from the Kamaus”. Katika “Season's” ritifaa ipo kwa sababu salamu ni za msimu. Kwa jina la familia haipo, kwa kuwa hapo ni wingi tu.

Herufi zilizoangushwa

Kazi ya pili ya ritifaa ni kushika nafasi ya herufi zilizoondolewa. “Do not” likifupishwa ni “don't”, na alama hukaa pale pale ilipotoka o. Ndiyo maana “do'nt”, “did'nt” na “does'nt” si sahihi: kabla ya n hakuna kilichotoka. “I am” huwa “I'm”, “we are” huwa “we're”, “they have” huwa “they've”, na “let us” huwa “let's”. Maneno machache yamekaidi, kama “won't”, ambalo ni ufupisho wa “will not”. Hayo yakariri.

Jozi moja huwasumbua hata waliosomea Uingereza: “its” na “it's”. Kiswahili kinaimaliza haraka. Ukimaanisha yake, lake, chake au wake, andika “its” bila alama. Shule na walimu wake: “the school and its teachers”. Ukimaanisha “it is” au “it has”, andika “it's”. Ni ghali: “it's expensive”. Ukishuku, lifungue neno na usome sentensi yote. “The school and it is teachers” haileti maana, kwa hiyo ritifaa haitakiwi.

Pengine unauliza: kama “its” inamtaja mwenyewe, mbona haina alama? Kwa sababu viwakilishi vya umiliki vya Kiingereza tayari vina maana ya umiliki ndani yake, na havihitaji msaada: “his”, “hers”, “ours”, “yours”, “theirs”, “its”. Hili linatufikisha kwenye kosa linalojitokeza mara nyingi mwishoni mwa barua. “Your's faithfully” si sahihi popote pale. Ni “Yours faithfully”. Mwombaji kazi aliyeandika ukurasa mzima vizuri hapaswi kukosea katika neno la kuagana.

Jozi nyingine hupimwa vivyo hivyo. “Your” ni yako. “You're” ni “you are”. “Their” ni yao. “They're” ni “they are”. “Whose” ni ya nani. “Who's” ni “who is” au “who has”. Lifungue neno, usome, uamue.

Ushauri mmoja wa adabu ya uandishi: katika barua rasmi, mikataba, maombi ya kazi na ripoti, epuka vifupisho hivi kabisa. Andika “I am applying” badala ya “I'm applying”, na “I do not” badala ya “I don't”. Utaonekana makini, tena utakuwa umejiepusha na nusu ya makosa. Ufupisho uachie mazungumzo, ujumbe wa simu na hadithi.

Majina ya watu na ya taasisi

Kenya ina majina yaliyozaliwa na ritifaa: Ng'ang'a, Ng'eno, Nyong'o, Murang'a. Alama hiyo ni sehemu ya jina, na ya umiliki huongezwa juu yake bila kuiondoa: “Ng'ang'a's shop”, “Nyong'o's films”, “Murang'a's farmers”. Mtu asikuambie kwamba ritifaa mbili au tatu katika neno moja ni nyingi mno. Kila moja ina kazi yake.

Wenye majina haya wana jambo jingine la kuangalia. Jina likiandikwa Nganga kwenye cheti cha shule na Ng'ang'a kwenye kitambulisho, karatasi hizo mbili hazilingani, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtu safari na maelezo. Mzazi, hakikisha jina la mtoto limeandikwa namna moja tangu cheti cha kuzaliwa. Mtu mzima, fuata kitambulisho chako katika kila fomu, na ukitaka jina lisahihishwe, anzia hapo.

Kwa majina yanayoishia na s, kama James na Moses, utaona “James's” na “James'”. Namna zote mbili zinakubalika katika vitabu vinavyoheshimika. Napendelea “James's”, kwa sababu ndivyo wengi wanavyotamka. Muhimu ni kuchagua moja na kubaki nayo katika andiko zima.

Taasisi nazo zina uamuzi wao. Tume ya walimu huandikwa “Teachers Service Commission” bila ritifaa. Hazina ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007 ni “Women Enterprise Fund”. Sheria ya watoto ya 2022 ni “Children Act”. Shule nyingi za wasichana nchini huandika “Girls” pasipo alama yoyote. Jina lililosajiliwa linakiliwa jinsi lilivyo, nawe usilisahihishe kwenye barua yako. Lakini ukiandika kuhusu mishahara ya walimu kwa maneno yako mwenyewe, rudi kwenye kanuni: “teachers' salaries”.

Waingereza wenyewe hawajamaliza mjadala huu. Alama hii iliingia katika maandishi yao karne ya 16, ikitokea kwa wachapaji wa Ufaransa, kwanza kwa ajili ya herufi zilizoangushwa. Kazi ya umiliki ilitulia baadaye sana. Mwaka 2001 mhariri mstaafu John Richards aliunda chama cha kuilinda ritifaa. Mwaka 2012 kampuni ya maduka ya vitabu ya Waterstones iliiondoa katika jina lake. Mwaka 2019 Richards, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alitangaza kwamba anakifunga chama chake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Isinya au Bissil anayetatizika asijione mjinga. Anajifunza jambo ambalo wenye lugha wanaendelea kulikosea.

Kabla ya kulipa, kabla ya kutuma

Kwa mwenye biashara: usimpe fundi maneno ya bango kwa mdomo. Yaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa na uyapime kwa yale maswali mawili. Mwonyeshe mwalimu au kijana aliye sekondari, kisha mtumie fundi picha ya karatasi hiyo. Kama bango linachapwa kwa mashine, omba uone nakala ya mwisho kabla halijachapwa. Nawe fundi, ukiona “plot's” kwenye karatasi ya mteja, mwulize kwa heshima kabla ya kuchovya brashi. Mteja atakukumbuka kwa hilo, na kazi iliyo ukutani inabeba jina lako pia.

Kwa anayeandika kwa simu: usiiamini simu moja kwa moja. Mara nyingi huweka “it's” ulipotaka “its”, kwa kuwa haijui unachomaanisha. Isome sentensi yako tena kabla ya kutuma.

Kwa mwalimu na mzazi: mfundishe mtoto kuanzia Kiswahili anachokijua. Mpe “kalamu ya mwalimu”, “kalamu za walimu”, “viatu vya watoto”, umwache amtafute mwenyewe kabla hajashika alama. Mtoto akielewa kwamba anamtafuta mwenyewe, hatahitaji kukariri orodha ndefu. Mabango ya barabarani pia ni darasa la bure. Mnapopita, mwombe akuambie lipi limeandikwa sawa, na kwa nini.

Na kwa yeyote anayeona Kiingereza kinamtatiza: Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. “Ploti zinauzwa” na “Nguo za watoto” ni matangazo kamili, yenye heshima, na kila mpita njia wa Kitengela atayaelewa. Chagua lugha unayoimudu. Lakini ukichagua Kiingereza, kiandike kwa uangalifu uleule unaowapa ng'ombe wako kwenye daftari la mifugo: taja mwenyewe, hesabu kama ni mmoja au wengi, weka alama mahali pake. Na pasipo na mwenyewe wala herufi iliyoanguka, acha neno bila ritifaa.